Je, mtoto wa Kiislamu asome somo la Sanaa?



Kila unapofika wakati wa wanafunzi wa sekondari kuchagua masomo, wazazi wa Kiislamu hapa Mbweni na mitaa ya jirani ya Boko na Bunju huniuliza swali moja: je, mtoto wangu asome somo la Sanaa, lile la kuchora na kazi za mikono? Huniuliza mimi kwa kuwa nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya serikali. Katika orodha ya Baraza la Mitihani masomo haya mawili ni majirani. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni namba 015, na Sanaa, ambalo huandikwa Fine Art, ni namba 016. Hata hivyo, wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akishika moja lazima aache jingine.

Majibu wanayopewa mitaani ni mawili. Wapo wanaosema kuchora kote ni haramu, mtoto aondolewe haraka. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya shule, dini isiingizwe. Jibu la kwanza linaharamisha kisichoharamishwa, na la pili linapuuza mafundisho sahihi ya Mtume (s.a.w.). Tulitazame suala hili kwa dalili.

Hadithi zinasemaje?

Zipo hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, zinazotoa onyo kali kwa watengenezaji wa sura. Watatakiwa Siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Muislamu hana ruhusa ya kuzifanyia mzaha hadithi hizi.

Lakini katika vitabu hivyo hivyo imepokewa habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akimweleza kuwa anaishi kwa kazi ya kutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.), mtu yule akafadhaika sana. Ndipo akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Tuzingatie hapa: Ibn Abbas hakumwambia avunje kalamu zake. Alimwonyesha mahali pa kuzitumia.

Sababu wanazozitaja wanazuoni ni mbili kubwa. Kwanza, kujifananisha na Muumba. Pili, kuziba njia ya shirki, kwani masanamu ya watu wa Nuh (a.s.) yanayotajwa katika Surat Nuh aya ya 23 yalianza kama kumbukumbu ya watu wema. Imam Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii katika pwani hii tunamtegemea sana, amekaza katika sura za viumbe wenye roho, lakini akaeleza kuwa kuchora miti na mfano wake si haramu. Wanazuoni wengi wa Kimaliki wamelegeza kwa picha zisizo na kivuli, yaani zilizo juu ya karatasi au kitambaa, wakaziona ni makuruhu. Aidha, wanazuoni wengi wameruhusu vinyago vya watoto wa kike, kwa kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa navyo na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wamesema humo mna malezi.

Kwa hiyo mgogoro wote uko katika sura ya kiumbe mwenye roho. Kuchora penyewe hakukukatazwa.

Somo lenyewe lina nini?

Mzazi anayesema "Sanaa" huwa anafikiria picha ya mtu au sanamu. Somo ni pana zaidi. Mna elimu ya rangi na namna zinavyochanganywa. Mna uandishi wa herufi na mabango. Mna nakshi, batiki, ufinyanzi na ususi. Mna kuchora vitu vilivyopangwa mezani, na kuonyesha umbali ili nyumba iliyo mbali ionekane iko mbali. Haya hayana mgogoro. Linabaki fungu la kuchora watu na wanyama, na kuchonga sanamu. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiislamu anahitaji mwongozo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliacha kuhudhuria kipindi cha Sanaa. Waliambiwa kila mmoja achore uso wa mwenzake, naye akaona haya kumweleza mwalimu kinachomzuia. Daftari lake lilikuwa limejaa nakshi za kofia alizojifunza kwa bibi yake. Nilikwenda kuzungumza na mwalimu wa somo, ambaye ni Mkristo. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba shabaha ya kipindi kile ilikuwa mwanga na kivuli, na kwamba mtungi au mwarobaini uliopo uwanjani vinatosha kwa kazi hiyo. Suala lililomfukuza mtoto darasani lilimalizika kwa dakika kumi.

Tujiulize pia, mbona hatuulizi kuhusu Biolojia? Mtoto huyo huyo huchora panzi na mende, tena wazima na miguu yao yote, wala mzazi hashtuki. Anajua makusudio ni elimu. Basi uangalifu anaoupata mwalimu wa Biolojia tumpe na mwalimu wa Sanaa.

Urithi tunaoukimbia

Ajabu ni kwamba wanaolikimbia somo hili ni wajukuu wa mafundi. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye mawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hapa karibu, Kunduchi, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Milango ya nakshi ya Bagamoyo, Unguja na Lamu imechongwa maua, minyororo na mara nyingi aya za Qur'an. Mafundi wale walijua vipimo, ulinganifu na mwandiko. Leo tunajenga msikiti mtaani, tunatafuta wa kutuchorea ramani, wa kuandika aya juu ya mihrabu na wa kupamba dari, na vijana wetu wenye ujuzi huo ni wachache.

Hatuwezi pia kujidanganya kwamba sanaa yote inayouzika ni nakshi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 hapa Dar es Salaam kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameanzisha kazi inayolisha familia nyingi mpaka leo. Lakini wanyama ndio alama ya sanaa hiyo. Kijana wa Kiislamu anayetaka kuingia huko amuulize mwanachuoni anayemwamini, asijipe fatwa mwenyewe.

Nini kifanyike?

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una mkondo wa elimu ya amali, na fani za sanaa zimo. Mlango umepanuka, nasi tusibaki nje tukibishana. Nashauri mambo manne.

Kwanza, mzazi aombe kuona muhtasari wa somo kabla ya kumwondoa mtoto.

Pili, mwanafunzi amweleze mwalimu mapema na kwa adabu kile asichoweza kuchora na sababu yake, kisha aombe kazi mbadala yenye shabaha ile ile. Akikataa kimya kimya atahesabiwa mtoro.

Tatu, sisi walimu wa dini tukae na walimu wa Sanaa mwanzoni mwa mwaka. Tusisubiri mtoto apate sifuri.

Nne, madrasa zetu zirudishe somo la hati. Mtoto anayeandika Bismillah kwa mwandiko mzuri ameshaanza kusoma Sanaa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Tuwafundishe watoto wetu mipaka, na ndani ya mipaka hiyo tuwaache wafanye kazi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.