Mke Afichaye Kadi ya Kliniki

Ndugu waalimu na wazee wa makanisa, neno la leo twaona haya kulitaja, lakini wake zetu wanalijua sana. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, kwa kila wake 100 walioolewa, 31 walikuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi.

Mwenye haraka atasema, Hawa wamekataa baraka. Sivyo. Hata wazee wetu walichukia mama kushika mimba na mtoto angali kifuani, wakasema mtoto amebemendwa. Walikosa kudhani kwamba tendo la ndoa huharibu maziwa, walakini faida ya nafasi waliijua. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mama angoje miezi 24 baada ya kuzaa mtoto, ndipo ashike mimba nyingine.

Basi kwa nini wengine hufanya kwa siri? Wako waume wanaodhani kwamba mke atakaye dawa hiyo atafuta wanaume. Kwa hiyo mke huchagua sindano, ambayo huchomwa kila miezi 3. Vidonge huonekana chini ya godoro, na kijiti hupapaswa chini ya ngozi ya mkono. Sindano haiachi kitu cha kuonekana. Kadi yake huiweka kwa jirani. Lakini sindano yaweza kuvuruga siku zake, damu ikaja ovyo au ikakoma, naye hana wa kumwambia nyumbani. Tena akiisha kuiacha, mimba yaweza kukawia miezi mingi, na mawifi waanza kuuliza.

Someni 1 Wakorintho 7, mstari wa 3 hata wa 5. Paulo hampi mume enzi peke yake. Mwili wa kila mmoja ameuweka chini ya mwenziwe, na hata kujizuia kwataka mapatano. (Sisi wahubiri twapenda kuwasomea wake nusu ya kwanza ya mstari wa 4, ile imhusuyo mume twaipita upesi.)

Mwalimu, mke akikuletea siri hii, usiipeleke kwa mumewe wala barazani. Na katika mafundisho ya ndoa waketishe wachumba wote wawili, uwaulize: Mwataka watoto wangapi? Msipopatana mtafanyaje? Habari za dawa mwachie nesi wa zahanati, naye aalikwe siku hiyo.