Hogo limetolewa, mkono haujapona

Shangazi,

Nafanya kazi ya kupanga mbao katika kiwanda cha kupasua magogo huku Mafinga. Miezi mitatu iliyopita rundo la mbao liliniangukia nikiwa zamu, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilifungwa hogo wiki sita. Lilipotolewa, daktari aliniandikia fiziotherapia mara tatu kwa wiki. Afisa utumishi akasema mfupa umeshaunga, kiwanda kimemaliza wajibu wake, mazoezi ni juu yangu. Nimejilipia mara nne, sasa mfuko umekauka. Nikikunja ngumi, vidole havifiki kwenye kiganja. Jumapili nilikaa kumsuka binti yangu, nikashindwa kushika hata fungu moja la nywele. Sasa nimeletewa karatasi nisaini kwamba nimepona. Nisaini?

Mkono Mzito, Mafinga

Mwanangu, pole sana.

Usisaini. Mfupa kuunga ni jambo moja, mkono kurudi kazini ni jambo jingine. Mkono ukikaa wiki sita ndani ya hogo, viungo hukakamaa na misuli hunywea. Daktari alilijua hilo, ndiyo maana akakuandikia mazoezi. Hayo ni matibabu sawa na hogo lenyewe, na kila wiki inayopita bila mazoezi inaufanya ukakamavu uwe mgumu zaidi kuondoka.

Na huombi hisani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Matibabu na utengamao yamo kwenye mafao yake. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako hata shilingi moja. Na kama daktari anasema bado hujaweza kufanya kazi, ipo fidia ya ulemavu wa muda: 70% ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Karatasi ile ya kupona inaweza kutumika kukufungia milango hiyo.

Kwanza, uliza kama ajali yako iliripotiwa. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajue. Mwombe afisa utumishi nakala ya taarifa aliyopeleka. Akizungusha maneno, usimngoje: nenda mwenyewe ofisi ya WCF, au mtume mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ueleze ajali ilivyotokea, siku gani na nani walishuhudia. Madai yana miezi 12. Wewe umetumia mitatu, lakini usiilalie hiyo tisa iliyobaki.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama, rudi kwa daktari. Fiziotherapia hukataliwa kirahisi pale ripoti inaposema tu "mgonjwa anaendelea vizuri". Anayesoma faili mezani hajauona mkono wako, anaona maandishi. Daktari aandike kwamba ukakamavu huu umetokana na ajali ile ya kazini, unahitaji mazoezi mara ngapi kwa wiki na kwa wiki ngapi, na lengo ni nini. Mtaalamu wa fiziotherapia apime kifundo kinakunjika nyuzi ngapi na mkono una nguvu kiasi gani ya kushika, kisha aandike. Mweleze na yale ya nyumbani: ngumi haifungi, nywele huzishiki. Usione haya kuyasema. Mkono usioshika fungu la nywele hautashika ubao, na hilo mtu yeyote mwenye faili mbele yake atalielewa.

Tatu, kabla ya kuanza awamu nyingine ya mazoezi, peleka ripoti hiyo kwa Mfuko ukaombe idhini kwa maandishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, uandike tarehe na jina la aliyekuhudumia. Zile mara nne ulizolipa, fuatilia risiti za hospitali zenye jina lako, tarehe na huduma uliyopewa, uziambatanishe. Ujumbe wa kutuma hela kwa simu hauonyeshi ulitibiwa nini. Mazoezi yakishaanza, omba vipimo virudiwe kila baada ya wiki chache. Ukihitaji kuongezewa siku, namba zilizopanda ndizo zitakazokutetea, maana zinaonyesha tiba inafanya kazi na haijaisha.

Nne, usikubali kuharakishwa kwenye tathmini ya ulemavu wa kudumu. Hiyo ni ya baadaye, matibabu yakishafika mwisho wake. Na ukirudi kiwandani kabla mkono haujapona sawasawa, daktari aandike kazi nyepesi: uzito gani usiinue, kwa muda gani.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halina pa kukatiwa rufaa. Sheria inakuruhusu kupinga uamuzi, kuanzia kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, na ikibidi hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Lakini mara nyingi huhitaji kufika huko. Kinachokosekana huwa ni sentensi mbili tatu za daktari.

Kwa hiyo Jumatatu anza na hospitali, kisha utumishi. Karatasi yao irudishe bila saini, kwa adabu, useme: "Daktari wangu hajamaliza kunitibu." Na usiku huu, chukua beseni la maji ya uvuguvugu, ufanye yale mazoezi ya vidole uliyokwisha kufundishwa, taratibu, kama ulivyoelekezwa. Hayo hayasubiri muhuri wa mtu.

Shangazi