Safari ya Treni Usiku Kucha: Mwamshe Mwenzako Asimame



Wapendwa wasomaji, miezi ya katikati ya mwaka ni miezi ya safari katika parokia zetu. Kuna upadrisho, nadhiri za watawa, hija, jubilei, na harusi zilizosubiri mavuno. Watu hujipanga kwa vikundi, WAWATA, kwaya au wanajumuiya. Hukusanya nauli kidogo kidogo, hushona sare, na siku ikifika hupanda treni au basi wakiimba. Katika somo hili tunataka kuzungumzia jambo ambalo hatujawahi kuliona katika orodha ya maandalizi ya kamati yoyote, yaani miguu ya wasafiri.

Tunaanza na safari yetu wenyewe, maana tulikosea.

Mwezi Julai 2018 tulikuwa akina mama sita tuliotoka Tabora kwenda Kigoma kwenye misa ya shukrani ya padre mpya, mtoto wa mwenzetu mmoja. Tulipanda treni usiku, daraja la tatu, kwa sababu vitanda vya daraja la pili vilikuwa vimekwisha. Wanaoifahamu safari ya namna hii hawahitaji maelezo marefu. Viti ni vya kutazamana, na magoti yako yanagusana na magoti ya aliye mbele yako. Chini ya kiti kuna gunia la mchele, juu ya gunia kuna ndoo, na kando ya ndoo amelala mtoto wa watu. Dirisha likifunguliwa, baridi ya Julai inaingia pamoja na vumbi. Likifungwa, hewa inakuwa nzito. Ni zaidi ya kilomita 400, na usiku ule tulizihesabu zote. Tulisali rozari, tukaimba, tukasimuliana habari za wakwe, tukasinzia, tukaamka, na bado hakujakucha.

Mmoja wetu, tumwite Mama Anna ingawa silo jina lake, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe katika mji wa mimba wiki tatu kabla. Kidonda kilikuwa kimekauka vizuri na alitembea bila shida. Kwa kuwa tulimpenda, tulimpa kiti cha dirishani, mahali pazuri kuliko pote, tukamfunika kanga na blanketi. Kila alipotaka kuinuka tulimkalisha. "Kaa, mama, umetoka kwenye kisu juzi tu. Sema unachotaka tukuletee." Treni iliposimama Kaliua, na baadaye Nguruka, sisi tulishuka kunyoosha migongo na kutafuta chai. Yake tulimletea pale pale alipokaa, naye hakuinywa. Alikuja kutuambia baadaye kwamba tangu saa kumi jioni hakugusa maji, kwa sababu choo kilikuwa mwisho wa behewa na njiani watu walikuwa wamelala sakafuni. Aliona haya kuwaruka. Halafu tangu usiku wa manane mwenzetu aliyekaa kando yake alilala akimwegemea begani, naye hakutaka kumwamsha. Alikaa hivyo mpaka kulipokucha.

Tuliposhuka Kigoma kiatu chake cha kushoto hakikuingia. Sisi tunaoandika ukurasa huu, pamoja na miaka yetu mingi ya wodini, tuliutazama mguu ule tukasema, "Ni safari tu. Uinue juu ya mto, utapungua." Miguu yetu sote ilikuwa imevimba, kwa hiyo hatukuangalia kwa makini. Hatukuona kwamba sisi wengine tulikuwa tumevimba miguu yote miwili, naye alikuwa amevimba mmoja. Jioni wenyeji wetu, kwa ukarimu wao, walimkanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu, wageni wakiwa mezani, alishika ubavu akasema anashindwa kuvuta pumzi.

Tulimkimbiza hospitali. Alipopimwa alikutwa na bonge la damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa paja, na kipande chake kilikuwa kimepanda hadi kwenye pafu. Aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, akalazwa, kisha akaendelea na vidonge kwa miezi sita. Alipona, tunamshukuru Mungu na waganga wale. Lakini wapo wanaoanguka ghafla siku chache baada ya upasuaji, uzazi au safari ndefu, wasifike hospitali, na msibani watu wakanong'ona kwamba wamerogwa.

Damu inagandaje ndani ya mtu aliyekaa?

Moyo husukuma damu hadi miguuni bila taabu. Kazi ni kuirudisha juu. Mishipa inayorudisha damu, yaani vena, haina nguvu ya kusukuma yenyewe. Ndani yake kuna vilango vidogo vinavyoruhusu damu kupanda na kuizuia isishuke, na nguvu ya kuipandisha hutoka kwenye misuli, hasa ule wa shavu la mguu, nyuma kati ya goti na kifundo. Kila tunapopiga hatua, msuli huo hukaza na kuikamua vena, kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Mtu aliyekaa bila kutikisa miguu ameacha kukamua, na damu inatuama. Ukingo wa kiti ukiwa mgumu na ukibana nyuma ya mapaja, inatuama zaidi. Tena baada ya kupasuliwa au kujifungua, mwili hujilinda usivuje damu, hivyo hugandisha haraka kuliko kawaida. Mambo haya yakikutana, bonge linaweza kujitengeneza ndani ya mshipa usio na jeraha lolote.

Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa wapanda ndege. Sivyo. Mwaka 1940, mji wa London ulipokuwa ukipigwa mabomu usiku, watu walikwenda kujificha katika mahandaki, na wengine walilala wameketi katika viti vya kukunja vya turubai, ambavyo mti wake wa mbele ulibana mapaja. Daktari Keith Simpson, mchunguzi wa maiti, aliandika mwaka huohuo katika jarida la Lancet juu ya watu wa mahandaki hayo waliokufa ghafla kwa bonge la damu lililopanda mapafuni. Hawakuwa na ndege wala treni, ila kukaa tu usiku kucha.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya jambo hili. Lilisema kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili. Msiogope kupita kiasi. Kwa watu wenye afya njema, utafiti huo ulikuta kama mtu mmoja kati ya 6,000 katika safari za ndege za zaidi ya saa 4. Kwa hiyo wengi wenu mtavimba miguu, mtalala, na asubuhi ya pili itakuwa imepungua. Tunawaandikia hasa kwa ajili ya wachache ambao hatari yao ni kubwa kuliko hiyo. Hao ni waliopasuliwa miezi mitatu iliyopita, hasa tumboni, nyonga au mguu, na wenye plasta ya mfupa. Ni wajawazito na waliojifungua chini ya wiki sita. Ni wagonjwa wa saratani, watu wanene sana, wazee, wanaotumia vidonge vya homoni, na yeyote aliyewahi kuganda damu au ambaye ndugu yake wa damu aliwahi. Mtu wa kundi hili amwone daktari kabla hajakata tiketi. Huenda akaambiwa aahirishe, au akapewa dawa ya kujikinga, au soksi maalumu zilizopimwa mguuni kwake. Asimeze aspirini kwa kushauriwa na jirani.

Kazi ya rafiki safarini

Kosa letu halikuwa ukosefu wa upendo. Tulimpenda mwenzetu hata tukamfunga kwenye kiti. Tangu siku hiyo tunasafiri kwa namna nyingine. Katika kila kundi achaguliwe mmoja wa kuangalia saa, na kila baada ya saa moja hivi awaamshe walioketi wasimame, hata kama ni saa nane ya usiku na hata kama watanung'unika. Mnasimama wawili wawili, mnashikana, mnatembea hadi mwisho wa behewa na kurudi. Kama njia imejaa watu, simameni pale pale, mnyanyuke kwa vidole vya miguu na kushuka mara ishirini. Asiyeweza hata hilo, akiwa ameketi, abonyeze vidole sakafuni huku akinyanyua visigino, kisha abonyeze visigino huku akinyanyua vidole. Wanakwaya wanajua kupiga mguu kwa mdundo, na huo mdundo ndio tunaoutaka. Mizigo isiwekwe mahali pa miguu. Mgonjwa asipewe kiti cha dirishani, apewe cha njiani, ambapo atainuka bila kumwomba mtu radhi. Wenye fedha kidogo zaidi mchangieni yule mmoja apate kitanda, wengine mkae.

Kuhusu maji tunawasihi akina mama hasa, maana sisi ndio tunaojinyima kwa sababu ya choo.  Kujinyima huleta maumivu ya kichwa, kufunga choo, na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo tunayaona kliniki kila baada ya hija. Kunyweni kidogo kidogo, mkojo ubaki wa rangi nyepesi. Kwenda chooni nendeni wawili, mmoja akiwa na tochi na maji ya kunawa, mwingine akishika mlango. Ukiwa na mwenzako, haya hupungua. Pombe, na dawa za mafua zinazosinzisha, ziacheni nyumbani, kwa sababu mtu aliyelala fofofo hatikisi mguu.

Mwenye siko seli ni wa kuangaliwa kuliko wote, kwa kuwa kiu na baridi ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu yake, na usiku wa treni unavyo vyote. Apewe maji na avishwe nguo nzito mapema, asisubiri kutetemeka. Mwenye kisukari asifunge chakula kwa sababu ya safari huku akijichoma dawa yake kama kawaida. Awe na sukari au soda mfukoni, na wenzake wajue. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye sanduku lililo chini ya magunia. Juu ya chakula cha stesheni tutasema moja tu. Chagueni kilicho cha moto kweli, au tunda mnalolimenya wenyewe.

Dalili ambazo hazingojei kesho

Uvimbe wa kawaida wa safari huja miguu yote miwili, hauumi sana, na hupungua mkilala. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukawa wa moto, ukauma shavuni au pajani, hasa unapokanyaga, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo msiukande kwa maji ya moto, msiuchue kwa mafuta, msiufunge kwa nguvu. Dalili za mapafu ni kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua yanayozidi mtu anapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, kuzirai. Hizo ni za kukodi gari usiku huo huo. Mkifika, msiseme tu "anaumwa kifua". Mwambieni mganga kwamba ametoka safari ya kukaa usiku kucha, na kama alipasuliwa au kujifungua, mtaje tarehe. Dalili zinaweza kuja siku ya safari au hata wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka treni.

Mwaka 2022 tulisafiri tena kwa njia ile ile, watano wa zamani na mmoja mpya. Mama Anna ndiye aliyeshika saa. Aliomba ruhusa kwa daktari wake kwanza, akakaa kiti cha njiani, na alituamsha bila huruma, kanga kiunoni, hata kondakta akauliza kama tunafanya mazoezi ya kwaya.

Wanajumuiya mtakaosoma somo hili pamoja, jadilianeni mambo haya. Katika jumuiya yetu, nani anatarajia kusafiri mwaka huu akiwa mjamzito, ametoka kujifungua au kupasuliwa, na amemwona daktari? Kundi letu likisafiri, nani anajua dawa za mwenzake zipo wapi? Na yule anayekaa kimya asinywe maji, tutamjuaje?