Mtoto Huyu Si Mkaidi: Tuifahamu Hali ya Asperger



Katika kutembelea familia huku Likoni na Kisauni, mara nyingi mama huniambia, "Mtoto wangu ana akili sana, lakini simwelewi." Hebu tuchukue mfano wa mtoto wa miaka tisa. Anazungumza vizuri, tena kama mtu mzima. Mwulize habari za feri: atakutajia MV Kwale, MV Likoni na MV Jambo, hata hutapata nafasi ya kusema. Lakini hana rafiki hata mmoja. Mgeni akija, hamwangalii usoni. Ukimwambia "ngoja dakika moja," anahesabu sekunde sitini, kisha analia ati umemdanganya. Kengele ya shule ikilia, anaziba masikio. Mwalimu asema ni mkaidi, jirani asema ana pepo, na bibi asema mama amemdekeza.

Huenda wote watatu wamekosea.

Ni hali gani?

Mwaka 1944 daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika juu ya watoto wa namna hii. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa Uingereza aliieneza hali hiyo kwa jina la Asperger. Tangu 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeiweka ndani ya usonji, na Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022. Kwa hivyo daktari akiandika "usonji" tu, usishtuke. Usonji una sura nyingi: kuna mtoto asiyesema kabisa, na kuna huyu wetu msemaji.

Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua tangu utotoni. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi ya mama.

Hupimwaje?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha usonji. Mchunguzi hukaa na mtoto, humtazama, na huwauliza wazazi maswali mengi. Hutafuta mambo haya:

1. Shida ya kuzungumza na kuchangamana na wenzake.
2. Kung'ang'ania jambo moja au utaratibu mmoja, au kusumbuliwa mno na sauti, mwanga au nguo.
3. Dalili zilikuwako tangu utotoni, hazikuzuka jana.
4. Zinamtatiza kweli nyumbani au shuleni.

Pia huhakikisha kwamba hakuna sababu nyingine, kwa mfano masikio yasiyosikia vizuri. Kwa hivyo, mzazi, wewe ndiwe shahidi mkuu.

Ufanye nini?

Kwanza, nunua daftari. Usiandike "ni mkaidi." Andika: "Jumatatu alilia nusu saa kwa sababu tulipita njia nyingine kwenda sokoni." Andika pia alianza kusema lini na alicheza vipi alipokuwa mdogo. Mwombe mwalimu naye aandike.

Pili, nenda kliniki iliyo karibu, masikio yapimwe, kisha uombe barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara. Kwa mambo ya shule, uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984 ili watoto wenye mahitaji maalum wapimwe na waelekezwe.

Tatu, sala na hospitali havigombani. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu Kilifi na Mombasa ulionyesha kwamba wazazi wa dini zote hutaja mapepo, uchawi na laana. Tuombe, ndiyo, lakini tusimfunge mtoto kamba wala kumpiga ili pepo litoke. Pepo halimo, maumivu ndiyo yatabaki.

Nne, nyumbani tumia maneno ya wazi. Badala ya "ngoja kidogo," sema "nikimaliza kuosha vyombo." Kama ratiba itabadilika, mwambie mapema.

Kupimwa hakumwondolei mtoto hali yake. Kunamwondolea jina baya, na kunawapa mwalimu na mzazi njia ya kumsaidia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Je, kuna mtoto mtaani kwetu ambaye tunamwita mkaidi? Tumewahi kumwuliza mamake anaona nini?
2. Nani kati yetu ataandamana na mama huyo hadi hospitali?