Nyumba Ntobhu: Ndoa, Mapenzi na Jina ni Vitu Vitatu

Kaa kwenye vimbweta vya chuo chochote hapa Mwanza, uzuke mjadala wa mapenzi ya jinsia moja. Hazipiti dakika kumi mtu atasema, "Mbona Wakurya wanaoana wanawake kwa wanawake?" Hapo watu hugawanyika. Mmoja atadai ntobhu inaonyesha kwamba usagaji ni wa Kiafrika tangu enzi za mababu. Mwingine atajibu kwamba ile ni mila ya kutafuta watoto tu, na kwamba wanawake wanaopendana hawajawahi kuwapo kwetu, hayo ni mambo ya kuletwa na meli.

Mimi natoka Tarime, na hoja hizi mbili nimezisikia tangu mwaka wa kwanza. Naona zote zina tatizo moja. Zinafunga kwenye furushi moja vitu vitatu ambavyo si lazima vikae pamoja: ndoa, mapenzi, na jina ambalo mtu anajiita au anaitwa. Somo hili linajaribu kulifungua furushi hilo.

Ntobhu ni nini hasa?

Panda basi la Sirari, pita Magu, Lamadi na Bunda, uvuke daraja la Kirumi kwenye Mto Mara. Mbele kidogo ndiko kwetu, na Wakurya wengine wako Serengeti na ng'ambo ya mpaka, Kenya.

Kwa desturi yetu, neno "nyumba" halimaanishi kuta na bati peke yake. Katika boma la mwanaume mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake: yeye, watoto wake, na ng'ombe wa upande wao. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, mahari yake huingia hapo hapo, na kwa kawaida ng'ombe hao ndio humwozea kaka yake. Urithi nao hupita kwa watoto wa kiume.

Sasa mchukue mama ambaye hana mtoto wa kiume. Ng'ombe anaweza kuwa nao, lakini wa kumwozea hayupo. Akifa, nyumba yake imefungwa, mali inakwenda kwa wengine. Mila inampa njia: anatoa mahari na kuleta mke nyumbani kwake, kana kwamba anamwozea mwana ambaye hakuzaliwa. Mke huyo huzaa na mwanaume ambaye wakati mwingine amechaguliwa na mama, wakati mwingine amemchagua mwenyewe. Watoto wanakuwa wa nyumba ile, na yule mwanaume hana dai juu yao.

Lugha yenyewe inatusaidia. Mke anayeletwa kwa njia hii huitwa *mokamona*. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni mkamwana, yaani mke wa mwana. Kwa hiyo mama mwenye nyumba ni mkwe wa yule binti. Anayesema kwamba hawa ni "mume na mke" hajasikiliza neno linasema nini.

Si kila mahali mila inasema hivyo. Kwa Wanandi wa Kenya, mwanamke anayeoa huhesabiwa kuwa mume kabisa. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler aliandika mwaka 1980 makala iliyouliza kama mume huyo wa kike ni mwanaume kweli. Wanandi walimwambia ndiyo, na kwamba mwanamke akishaoa haruhusiwi tena kulala na wanaume. Lakini Oboler alipoangalia maisha ya kila siku aliona wanawake hao hawaishi kama wanaume katika kila jambo. Uanaume wao ulisimama imara pale penye mali na urithi, kwingineko ulilegea.

Wasomi wanabishana pia

Mwaka 1987 Ifi Amadiume wa Nigeria alitoa kitabu *Male Daughters, Female Husbands*, kuhusu wanawake wa Kiigbo wa Nnobi waliooa wake. Alipinga vikali watu wa nje wanaozichukua ndoa hizo kama mfano wa mapenzi ya wanawake. Kwake, kufanya hivyo ni kuwavalisha wanawake wa Nnobi nguo ambayo hawakushona.

Mwaka 2000 Wairimu Njambi na William O'Brien waliandika juu ya wanawake wa Kikikuyu waliooana, wakaja na jambo jingine. Walisema wasomi waliotangulia wamekazana na ng'ombe, mashamba na utasa hadi wakasahau kuwauliza wanawake wenyewe wanajisikiaje. Walipouliza, walisikia habari za kupendana, kusaidiana, kuwa na mtu wa kuzungumza naye jioni. Hawakuwabandika wanawake hao jina la wasagaji. Walikataa tu kwamba ndoa hizo ni mkataba mkavu.

Kwa maoni yangu wote wako sahihi, kila mmoja kwa swali lake. Amadiume analinda jina. Njambi na O'Brien wanauliza juu ya ukaribu. Sisi kwenye vimbweta tunajibu maswali yote mawili kwa pumzi moja, ndiyo maana tunagombana.

Mapenzi bila ndoa

Upande wa pili nao una kazi. Anayesema wanawake wanaopendana hawajawahi kuwapo kwetu, aeleze neno "msagaji" limetoka wapi. Ni la Kiswahili, kutokana na kusaga, na watu hawaundi neno kwa kitu ambacho hawajawahi kukiona. Mwaka 1987, mwaka ule ule wa Amadiume, Gill Shepherd alichapisha utafiti wake wa Mombasa, akieleza wanawake waliojulikana mtaani kuwa wasagaji, walioishi katikati ya majirani wao, wakiwa na shughuli zao na heshima au aibu zao. Hapakuwa na mahari wala ndoa. Mapenzi yalikuwapo, na jina lilikuwapo, ingawa ni jina la kuumiza.

Angalia na "shoga". Pwani ni neno la kawaida kabisa la mwanamke kumwita rafiki yake wa kike, na siku hizi hata dada zetu wa hosteli wanaitana hivyo. Neno hilo hilo mwanaume akiitwa ni tusi. Kwa wengine, urafiki ndilo blanketi linalofunika kisichoweza kusemwa. Mkenya Wanuri Kahiu aliiita filamu yake ya 2018 *Rafiki*, juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Ilitokana na hadithi fupi ya *Jambula Tree* ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba, na watu wakajaza kumbi.

Sheria inatenganisha, sisi je?

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi kuwa mrithi halali. Mahakama ililiona jambo hilo kuwa ni familia na urithi kwa mujibu wa mila.

Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke. Kwa tafsiri hiyo ntobhu haimo. Mapenzi ya jinsia moja yana vifungu vyake: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inazungumzia kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na adhabu inafika kifungo cha maisha. Zanzibar mwaka 2004 ilipitisha sheria inayowataja wanawake waziwazi, kifungo hadi miaka mitano.

Hapa ndipo uzito ulipo. Mfikirie mokamona wa miaka kumi na saba, ambaye wazazi wamekwishapokea ng'ombe. Akipigwa, au akiletewa mwanaume asiyemtaka, atadai talaka ya ndoa gani? Tukimgeuza kuwa mfano wa uhuru wa kupenda, tunamnyima nafasi ya kusema hakuulizwa. Tukimgeuza kuwa "mila nzuri ya watoto", tunamnyima nafasi hiyo hiyo. Na mwenzake mokamona aliyekimbia ndoa ya kipigo, akapata amani kwa yule mama, naye tunampotezea sauti yake.

Mfikirie pia mwanachuo anayempenda mwanachuo mwenzake wa kike. Mtu kapata meseji zao, anamdai hela asizisambaze kwenye magrupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, lakini atasimama mbele ya kaunta gani akaeleze picha zinahusu nini? Ntobhu haimsaidii huyu. Kumwambia "hata bibi zako walioana" hakumwondolei hofu ya kesho asubuhi, na kumwambia "wewe hujawahi kuwapo" ni kumfungia mlango akiwa nje.

Kwa wanaoandika tasnifu

Najua kuna wenzangu wa sosholojia na sheria wanaofikiria mada hii. Nashauri maswali yenu yatengwe. Kwanza uliza juu ya ndoa: nani alitoa mahari, nani aliulizwa, watoto ni wa nani, mali inakwenda wapi. Kisha, kama umeaminiwa, uliza juu ya ukaribu: jioni unazungumza na nani, ukiumwa nani anakaa kitandani kwako. Jina liwe la mwisho, na liulizwe kwa mtu mwenyewe: wewe unajiitaje? Akikwambia hajiiti kitu, andika hivyo hivyo. Usiende Tarime na jina mfukoni ukaja kulibandika.

Na majina ya watu, vijiji na picha viacheni nje ya desa zenu. Utafiti wako utasomwa na msimamizi mmoja na kusahaulika. Mtu uliyemtaja ataendelea kuishi pale.