Kufunga gati bila mafuta: jaribio la anga ndani ya beseni

Oktoba 1914 Waingereza waliisaka manowari ya Kijerumani Königsberg pwani nzima wasiione. Kilichoifichua ni makaa. Ndani ya meli moja iliyotia nanga Lindi walikuta karatasi zinazoonyesha kuwa makaa yamepelekwa Salale, na huko ndiko walikoikuta, imejibanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Chombo kinachokula makaa hakiwezi kwenda mbali na makaa yake.

Setilaiti ina shida hiyo hiyo, tena yenyewe haina wa kuiletea. Ikitaka kusogelea chombo kingine na kushikana nacho, kwa kawaida hufyatua gesi kidogo kidogo kwa vijiinjini vyake. Tangi likikauka, kazi imekwisha hata kama vifaa vingine vyote ni vizima. Juu ya hayo, gesi ile inaweza kuchafua lenzi na paneli za jua za chombo kinachosogelewa. Ndiyo maana wahandisi wakageukia sumakuumeme: kila chombo kibebe koili, umeme utoke kwenye paneli za jua, koili zivutane au zisukumane bila kuchoma chochote. Mwaka 2013 mradi wa RINGS, uliowahusisha Chuo Kikuu cha Maryland na MIT, ulipeleka koili za namna hiyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, zikafungwa kwenye roboti ndogo zinazoelea ndani ya kituo.

Mwalimu wa fizikia wa Salale, Nyamisati au Kibiti anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili mezani. Tafuta kwa fundi wa feni na mota waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia koili. Uzungushe mara 100 kwenye kopo lenye upana wa sentimita nne au tano, uuchomoe, uufunge kwa uzi usifumuke. Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Hapa ndipo majaribio mengi hufia: ncha huonekana safi kumbe bado ina vanishi, na umeme haupiti.

Kata kipande cha ndala kuukuu, ukubwa wa kiganja. Simamisha koili upande wa mbele, tundu lake likitazama mbele, na betri moja ya rimoti ilaze nyuma kabisa. Hicho ndicho chombo chako. Betri ina ganda la chuma, na chuma kikiwa karibu na koili kitakuharibia matokeo. Tumia beseni la plastiki, maji yaliyotulia, na funga madirisha, maana upepo mdogo tu unaishinda nguvu unayotaka kuipima.

Unganisha betri, weka chombo chako katikati ya beseni, usikiguse. Kitageuka polepole mpaka koili itazame kaskazini na kusini, kwa sababu kimekuwa dira. Usilipite jambo hili haraka. Setilaiti nyingi ndogo hujigeuza kwa njia hiyo hiyo, koili zake zikishindana na usumaku wa dunia, na hata darubini ya Hubble inazo.

Sasa tengeneza koili ya pili, mizunguko 150, uibandike nje ya beseni upande wa kaskazini, usawa wa maji. Hii ndiyo gati. Iunganishe na betri mbili kubwa za tochi, ila waya mmoja uache wazi uugusishe kwa mkono. Gusisha kwa sekunde chache tu, koili hupata joto. Usitumie betri ya simu.

Chombo kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye gati, gusisha. Kikija, mwelekeo uko sawa. Kikizunguka kwanza ndipo kije, badilisha upande wa betri za gati. Kisha kirudishe sentimita 20 ujaribu tena: karibu hakuna kinachotokea. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inashuka mara 16 hivi. Kumbuka pia kujaribu bila umeme kabisa, kwa sababu maji yenyewe huvuta kitu kinachoelea kikifika sentimita moja au mbili kutoka ukutani, na mwanafunzi anaweza kudhani ni sumaku.

Kuvuta ni rahisi. Kazi ni kusimamisha. Hesabu ile ya mara 16 inakugeukia chombo kinapokaribia: nguvu inapanda ghafla na chombo kinagonga. Kwa hiyo achia waya mapema, kabla hakijafika nusu ya njia, kiende kwa mwendo wake. Kikiwa bado kina kasi, geuza betri uguse mara moja tu, kisukumwe kidogo. Ukishikilia, kitageuka mgongo. Angani kompyuta hufanya kazi hii mara nyingi kila sekunde, na magurudumu yanayozunguka ndani ya chombo huzuia kugeuka huko.

Waeleze wanafunzi mpaka wa mbinu hii. Koili mbili haziwezi kuhamisha kitovu chao cha pamoja, zinasogezana tu, kwa hiyo mafuta bado yanahitajika kuvifikisha vyombo karibu. Faida yake iko kwenye mita za mwisho, na kwa vyombo vidogo hasa. Setilaiti 1KUNS-PF ya Kenya, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. Humo tangi ungeliweka wapi?

Mpe kila mwanafunzi zamu ya kushika waya, na alama mpe yule ambaye chombo chake kimegusa ukuta wa beseni penye gati bila kurudi nyuma.