Kabla ya Kwenda kwa Tabibu wa Mitishamba

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi za Babati mjini hulifanya kimya kimya: kwenda kwa tabibu wa mitishamba. Je, Mkristo aweza kwenda? Na akienda, afanyeje asidhurike?

Swali la kwanza halihitaji maneno mengi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutoidharau dawa itokayo ardhini. Kanisa linachokataza ni ramli, hirizi na uchawi, kama tunavyosoma katika Katekisimu, namba 2116 na 2117. Basi mganga akikuambia kwamba jirani ndiye aliyekuloga, au akidai kuku mweusi, inuka uende zako. Hapo hakuna tena habari ya dawa.

Serikali nayo inaitambua kazi hii. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na ndiyo iliyoweka Baraza linalosajili waganga. Tiba asili ni ile tuliyorithi kwa wazee wetu. Tiba mbadala ni ile iliyotoka kwa mataifa mengine. Wote wawili wanatakiwa wawe wamesajiliwa. Usione haya kuomba kuonyeshwa cheti. Ukiwa na shaka, uliza katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linaloumiza watu zaidi kuliko mizizi yenyewe. Nalo ni siri. Mgonjwa akifika kwa tabibu wa mitishamba huficha kwamba anameza vidonge vya hospitali. Akirudi Mrara au Dareda huficha kwamba anakunywa mizizi, kwa kuogopa kugombezwa na muuguzi. (Na tuseme kweli, wauguzi wengine hugomba mno, ndiyo maana watu huficha.) Matokeo yake, hakuna hata mmoja anayejua mwili ule umeingizwa nini.

Chukueni mfano wa uwatu, ambao wengi tunao jikoni. Mbegu zake hupunguza sukari katika damu. Mama mwenye kisukari akinywa uwatu mwingi juu ya vidonge vyake, sukari yaweza kushuka kupita kiasi: atatoka jasho, atatetemeka, na pengine atazimia. Nyumbani watasema amerogwa, kumbe amepata dawa mbili za kazi moja. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi huifanya damu ichelewe kuganda, kwa hiyo anayesubiri upasuaji lazima amwambie daktari. Shubiri huharisha, na mwili hupoteza maji na chumvi zake. Mama mjamzito asiinywe, wala asinywe dawa yoyote ya kuongeza uchungu. Tumbo la uzazi likisukumwa kwa nguvu isiyopimwa laweza kupasuka, na hapo mama na mtoto wote wamo hatarini.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na daftari lako la hospitali, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, na vidonge vyenyewe, pamoja na vile ulivyonunua dukani. Tabibu mzuri atakuuliza mengi: chakula, usingizi, choo, dawa zilizowahi kukudhuru. Asiyeuliza kitu na kukimbilia kuchota unga wa mti, usimwamini. Wala usimwamini mwenye mashine ya kushika mkononi, inayodaiwa kuonyesha magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja. Hakuna mashine ya namna hiyo.

Nawe muulize: huu ni mti gani? Nitumie kiasi gani, kwa siku ngapi? Nisipopata nafuu, nifanye nini? Pengine hatataja mti, maana ndio urithi wake. Basi omba kipande kidogo, ukitunze kwenye karatasi yenye tarehe, ili hospitali ipate pa kuanzia ukidhurika. Akitaka kukuchanja, wembe uwe mpya, nawe uuone ukifunguliwa. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini hupita humo.

Hatujasahau mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Dawa ilitoka katika mti wa mugariga. Wengine waliondolewa vitandani hospitalini wakafia katika foleni ya magari. Wengine, baada ya kunywa, waliacha vidonge vya kupunguza makali ya virusi, na virusi havikuacha kazi yake. Tunasema hivi bila kumdhihaki mtu. Aliyekuwa na mgonjwa nyumbani anajua tumaini lina nguvu gani. Lakini atakayekuambia utupe vidonge vya hospitali, awe mganga au mhubiri, usimsikilize. Ukitaka kupunguza, mwone daktari aliyekuandikia.

Yako magonjwa ambayo kwayo tusipite kwa tabibu kwanza. Mtoto mwenye homa kali au degedege apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Kupima na dawa zake ni bure. Hali kadhalika mama anayetokwa damu, na aliyepooza upande mmoja ghafula.

Neno dogo kwa akina mama wanaochemsha dawa nyumbani: msiiweke katika chupa ya soda wala ya maji. Watoto hunywa wakidhani ni soda. Iandikeni jina la mgonjwa na siku ilipochemshwa, iwekeni juu, na ikianza kutoa povu au kunuka, imwageni.